Nyumba ya Mbao ya Nyangau

“Mimi humo siingii!”

Shangazi Nyamusi alikuwa amesimama ufukweni Kendu Bay, viatu mkononi, leso imefungwa kiunoni kama mtu anayejiandaa kupigana.

“Ingia tu, shangazi. Haiumi.”

“Nimetumwa kuangalia nyumba. Hii ni nini?”

“Ndiyo nyumba.”

“Nyangau! Nyumba gani inatikisika hivi?”

Ilikuwa mwaka wa sitini na nane. Nilikuwa naishi kwenye mashua ya tanga ya mzee Obala. Ndizi zilishuka na lori kutoka Kisii, sisi tukazivusha mpaka Homa Bay na Mfangano, tukarudi na samaki wakavu. Tulilalia majani ya migomba, tukapikia kwenye sanduku la mchanga, tukashona tanga huku tukitaniana. Yeye Mjaluo, mimi Mkisii. Kiswahili chetu cha kuokota njiani kilitutosha kugombana asubuhi na kupatana kabla ugali haujaiva.

Bonareri wa Kebirigo nilimkuta soko la Kisii, ameketi kando ya mikungu yake.

“Ndizi zako mbichi mno,” nilimwambia.

“Na wewe je, umeiva?”

Kuanzia hapo sikununua kwa mtu mwingine.

Baba yake, mzee Mogire, alipomuuliza kama nina nyumba, Bonareri alijibu, “Anayo, ya mbao.” Siku hizo kwetu nyumba zilikuwa za udongo. Mzee akaona amepata mkwe mkubwa. Lakini kulikuwa na Zachariah, mwenye shamba la majani chai na nyumba ya mabati, naye alikuwa ameshazoea kunywa chai hapo kwa mzee. Kwa hiyo Mogire akafuata desturi, akamtuma dada yake awe esigani, yule anayekwenda kuliona boma la mchumba kwa macho yake. Neno la esigani ndilo la mwisho, na esigani hadanganyi.

Bonareri alimpa utingo wa basi ujumbe, naye akanipigia kelele kutoka mlangoni:

“Nyangau! Umeambiwa shangazi anakuja Jumanne! Akikukataa, Jumapili Zachariah analeta ng’ombe!”

Sasa Jumanne ilikuwa imefika, na shangazi alikuwa anakataa hata kukanyaga.

Obala alimnyooshea mkono. “Karibu, mama. Hasira uiache hapo nje pamoja na tope.”

Aliingia akiomba Mungu. Akachungulia huku, akanusa kule, mwisho akauliza swali ambalo kila esigani huuliza.

“Mafiga yako wapi?”

Nikamwonyesha. Mawe matatu ndani ya mchanga, meusi kwa moshi.

“Ni ya ziwani haya?”

“Hapana. Ya marehemu mama, kutoka Magwagwa. Ndugu zangu walipobomoa jiko walitaka kuyatupa. Niliyabeba mgongoni.”

Shangazi akachuchumaa, akayagusa moja moja.

Wakati huo Obala alikuwa amepata upepo, na ndizi zilikuwa zinaiva. Akafungua kamba.

“Nyangau! Nyumba inaondoka! Inaondoka na mimi ndani!”

“Kaa chini, mama, tutakurudisha!”

Alilia, akaimba nyimbo za Sabato, akatutukana kwa Ekegusii. Halafu akasikia njaa. Nilimpikia ugali na omena, dagaa wa ziwani, juu ya mafiga ya mama. Tulipofika katikati ya maji alikuwa ameshika kamba ya tanga, anamgombeza Obala kwamba analegeza. Homa Bay ilipofika hakuwa na haraka ya kushuka.

Yaliyotokea Kebirigo aliniambia Bonareri baadaye, akicheka mpaka machozi.

“Ana nyumba?” Mogire aliuliza.

“Anayo.”

“Umeingia?”

“Nimekula humo.”

“Mafiga?”

“Yapo. Ya mama yake.”

Mzee akatabasamu, akanywa chai. “Iko upande gani hasa?”

“Nilipoingia ilikuwa Kendu Bay. Nilipotoka ilikuwa Homa Bay.”

Kikombe kikarudi mezani.

“Nyamusi, umelewa?”

“Mimi Msabato, nilewe nini? Ni mashua, kaka.”

“Bonareri! Ulisema ya mbao!”

“Kwani si ya mbao, shangazi?”

“Mbao tupu,” shangazi akasema.

“Binti yangu hataishi majini kama bata! Zachariah alete ng’ombe!”

“Akileta utawachunga wewe, baba,” Bonareri akasema. “Mimi siendi. Nitazeekea hapa hapa kwako.”

Mzee akamgeukia dada yake. Shangazi akakunja leso taratibu.

“Kaka, kijana amebeba mafiga ya mama yake mpaka juu ya maji. Mtu kama huyo anatafuta mahali pa kuyatua. Mwambie ayatue.”

Utingo akaniletea jibu: nijenge Magwagwa, kwenye shamba la baba yangu. Mafiga yakitua, nije na wazee.

Nilimwambia Obala tukiwa tunashona tanga. Sindano yake ikasimama.

“Unaacha ziwa kwa sababu ya mwanamke?”

“Ndiyo, mzee.”

“Vizuri. Mimi niliacha mwanamke kwa sababu ya ziwa. Mpaka leo halijanipikia hata uji.”

Akageuka upande wa maji, akaendelea kushona.

Siku ya harusi alipanda mpaka Magwagwa akihema, tanga la zamani begani.

“Nipeni kiti! Milima yenu haina adabu!”

Tulilitundika tanga lile chini ya mabati ya nyumba niliyojenga, likawa dari. Baadaye nilizurura sana, Mombasa, Kampala, miguu yangu haikujifunza kutulia, lakini kila mara nilirudi kwenye mafiga yale. Miaka ya sabini, upepo wa mvua ukipita chini ya mabati, tanga lilivimba juu ya vichwa vyetu kama tuko safarini.

Obala amekwenda zake. Mashua iligeuka kuni, na tanga limeoza. Lakini upepo ukigonga mabati, Bonareri bado hunipigia kelele kutoka jikoni:

“Nyangau! Leo tunaenda wapi?”

“Mfangano!”

“Basi shika vizuri. Uji wangu usimwagike.”