Verna na Rufaa Mbili

Kila Alhamisi, Verna Tackett na wanawake wa mtaa wake hukutana kanisani kushona matandiko ya viraka. Huzunguka fremu moja kubwa, kila mmoja na sindano yake, kahawa ikiwa tayari mezani. Ndivyo wanavyofanya huko Kentucky, Marekani, tangu enzi za bibi zao. Wana desturi moja: mtu haulizwi matatizo yake mpaka ayaseme mwenyewe. Ni desturi ya heshima, lakini safari hii nusura imponze Verna.

Verna alikuwa amebuni mchoro wa ndege wekundu wanaozunguka nyota. Akausajili mapema, hakimiliki ikawa yake kisheria. Kisha kiwanda kimoja kikauiga mchoro ule bila ruhusa. Kikauchapa kwenye mashuka, mito na mapazia, kikauza nchi nzima. Verna akaenda mahakamani. Ili kumlipa wakili, yeye na mumewe Dale waliweka nyumba yao rehani benki.

Jaji alikubali kwamba kiwanda kimeiba mchoro. Verna akashangilia, kumbe alishangilia mapema. Ilipofika kwenye fidia, jaji alisema mama huyu ameonyesha mauzo ya kiwanda, lakini hakuonyesha gharama zake, kwa hiyo faida haijulikani. Akampa fidia ndogo, isiyotosha hata riba ya ule mkopo. Kuhusu ada za wakili, yaani kama kiwanda kimrudishie Verna alichomlipa wakili wake, jaji alisema atatoa uamuzi mwingine baadaye.

Wakili alikuwa amekubaliana nao kesi ya mahakama ile tu. Aliwaambia, wakitaka rufaa, watafute wakili wa rufaa mapema. Dale akatikisa kichwa.

"Haraka haraka haina baraka," alimwambia mkewe. "Tungoje aamue na hizo ada za wakili. Tukate rufaa moja kwa yote mawili. Kwa nini tulipie mahakama mara mbili?"

Verna aliona maneno yana akili, akangoja.

Alhamisi moja ya Februari, barafu ikiwa imetanda barabarani, Verna alijichoma kidole mara tatu. Mwishowe akaweka sindano chini, akawaeleza wenzake kila kitu: mchoro, fidia, rehani. Akasema wanangoja uamuzi wa ada ndipo wakate rufaa.

Kando yake alikaa Bi Ione Maupin, wakili mstaafu. Aliuliza polepole hukumu ya fidia iliingizwa lini kwenye kumbukumbu za mahakama.

"Tarehe kumi na mbili Januari," Verna alijibu.

Bi Ione alivua miwani. "Mwanangu, unazo siku thelathini tu za kukata rufaa. Ya mwisho ni leo."

"Lakini kesi haijaisha. Bado ada za wakili."

"Fidia na ada za wakili ni mambo mawili. Hukumu ya fidia imekwisha kutoka, na siku zake zinahesabiwa. Kuomba ada hakuzisimamishi, isipokuwa jaji mwenyewe aamuru hivyo. Aliamuru?"

"Hapana."

"Basi hesabu inaendelea. Uamuzi wa ada ukitoka, utakuwa na rufaa yake na siku zake. Ukingoja huo, hii ya fidia itakuwa imekufa."

Verna aliiona nyumba yake ikiuzwa. Aliuliza kama hawezi kuomba kuongezewa muda. Bi Ione alimwambia kuomba kunawezekana, lakini lazima uwe na sababu nzuri, na jaji anaweza kukataa. Hiyo si njia ya kuitegemea ukiwa na saa chache mkononi.

Dale alipigiwa simu, akaja na gari, uso umekunjamana. Alitaka kubishana, akarudia kwamba haraka haina baraka.

"Shemeji, haraka umeisema wewe, na mimi nasema ngoja ngoja huumiza matumbo," Bi Ione alimwambia. "Utabishana mkiwa njiani."

Bi Ione alieleza kwamba hawezi kumsimamia Verna, maana amestaafu. Lakini mtu anaweza kuandika taarifa ya rufaa mwenyewe. Ni karatasi fupi. Inataja mambo matatu: nani anakata rufaa, anapinga hukumu ipi, na anaipeleka mahakama gani ya juu. Hoja zenyewe huandikwa baadaye. Verna aliandika palepale.

Njiani lori lilikuwa limeteleza na kuziba barabara, nao wakakaa pale huku saa ikienda. Verna alikuwa na hasira na Dale, na zaidi na nafsi yake. Walipofika masjala ya mahakama, karani alikuwa anafunga kompyuta. Alitazama tarehe, akawatazama wao, akagonga muhuri.

Wiki mbili baadaye uamuzi wa ada za wakili ulitoka: jaji amekataa, Verna hapewi hata senti. Dale aliusoma mara mbili akiwa amesimama. Hakutaja tena habari ya kulipa mara mbili. Alichukua funguo za gari, akamwita mkewe, wakapeleka taarifa ya pili siku ileile.

Walipata wakili wa rufaa kupitia chuo cha sheria. Mahakama ya juu iliziunganisha rufaa zote mbili. Haikusikiliza mashahidi upya. Iliangalia tu kama jaji alikosea. Ikasema alikosea: mwenye hakimiliki huonyesha mauzo, na aliyeiga ndiye anayepaswa kuthibitisha gharama zake. Fidia ikarudishwa kwa jaji ihesabiwe upya, na ada za wakili nazo zifikiriwe tena.

Hesabu mpya ililipa deni la benki lote. Jaji akaagiza kiwanda kilipe na ada za wakili.

Siku waliyotoka benki na hati ya nyumba, Verna alimuuliza mumewe kwa nini alishikilia vile wangoje.

Dale aliikunja ile hati, akaitia mfukoni. "Haikuwa pesa," alisema. "Niliogopa tutashindwa tena."

"Na mimi niliogopa," Verna alisema. "Ila siku zenyewe hazikuogopa, Dale. Zilikuwa zinakwenda tu."