Barafu Mpya

Kila Jumamosi Chiriku, mwanafunzi wa darasa la sita aliyebandikwa jina hilo kwa kutofunga mdomo, alipanda kivuko kwenda kisiwani kwa bibi yake. Safari ilikuwa ya dakika ishirini. Alibeba kijisanduku cha barafu chenye kichupa cha insulini, dawa ya sindano ya kisukari. Agizo la mama yake halikubadilika: "Isipate joto."

Jumamosi moja alikutana na rafiki yake kivukoni, wakapiga soga hadi gatini. Chiriku akashuka mikono mitupu. Alipokumbuka kijisanduku, kivuko kilikuwa kimekwisha ondoka, na hakikurudi mpaka alasiri.

"Shika mzigo wako, binti," baharia wa kivuko alimwambia kiliporudi. "Nilikuwekea juu ya injini, wasikuibie."

Barafu ilikuwa imegeuka maji ya moto. Dawa yenyewe ilionekana safi, kama siku zote. Chiriku aliomba barafu kwa muuza samaki, akajaza kijisanduku, akaenda.

"Mbona umechelewa, mjukuu wangu?"

"Kivuko, Bibi."

Jumamosi iliyofuata alimkuta Bibi kitandani, midomo imekauka, kidonda cha kidole cha mguu kimeiva vibaya. Muuguzi wa zahanati na mjomba walikuwa wamemsimamia.

"Sukari imepanda kupita kiasi," alisema muuguzi. "Bibi, sema ukweli. Umekula nini kwa siri?"

"Sijala kitu. Nikufiche ili iweje? Kwani nimeficha mchumba?"

"Mama, kabati nimelifunga kwa kufuli," mjomba alisema. "Sukari unaitoa wapi?"

"Basi nifungeni na mdomo."

Hakuna aliyecheka. Muuguzi alichukua kichupa kile kile, akachoma sindano ndani yake ili aongeze kipimo. Chiriku alitazama. Hakuna aliyekuwa akimuuliza lolote. Kunyamaza kungekuwa rahisi.

"Sista, hiyo dawa ilipata joto," alisema, kisha akaeleza yote.

Muuguzi aliitupa dawa. Bibi alivushwa kwa kivuko cha alasiri, akalazwa mjini siku kumi na moja. Sukari ilishuka kwa dawa isiyoharibika, lakini kidole kilikuwa kimeoza, kikakatwa.

Muuguzi alipofika wodini alianza na Bibi. "Nilikuita mwongo, nawe ulikuwa unasema kweli. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na huyu mwanangu mwenye kufuli?"

Mjomba alitoa ufunguo wa kabati mfukoni, akamkabidhi. Ndipo muuguzi akamgeukia Chiriku.

"Kusahau ningekusamehe palepale. Watu wazima husahau hata watoto wao. Kilichomponza bibi yako ni ile barafu mpya. Ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo, kwa sababu yupo mtu atakayekitumia akikuamini."