Sare Zetu za Kwaya Ziligeuka Bundi!

Nilipofungua furushi la sare zetu, nikakutana na...

Bundi!

Fulana za zambarau, kila moja na bundi mkubwa kifuani, na chini yake kwa Kiingereza: SISI NDIO MABINGWA!

Jamani, kesho yake kwaya yetu ya Watanzania hapa Guangzhou ilikuwa inaingia kwenye mashindano. Tumefanya mazoezi miezi mpaka sauti zinakauka! Sare yetu ilikuwa mashati meupe, mfukoni msalaba mdogo wa kijani niliouchora mwenyewe. Mchumba wangu, Joachim, tukamtuma Kangle, mtaa wa mafundi cherehani, akayachukue.

Akaniletea bundi.

Na kibaya zaidi, huyo ni bundi wangu! Ni nembo ya timu yangu ya besiboli kule Marekani. Naishabikia tangu niliponunua kofia yake kwenye mitumba pale Njombe... nichekeni tu.

Asubuhi ile ile timu ilikuwa imetolewa kwenye mtoano. Tunaongoza mpaka zamu ya mwisho, mpira mwepesi unamshukia mchezaji wetu mikononi... anaudondosha! Mpira ambao hata bibi yangu angeudaka! Nilipata kinyaa, hata chai sikunywa.

"Joachim, hii takataka ni nini?"

"Mashati hayakuwa tayari, mpenzi. Laoban, mwenye karakana, kasema meiyou, hamna kitu. Hizi nimezikuta mlangoni zimelundikwa, bei ya bure."

"Ni bure kwa sababu tumetolewa! Walichapa mapema wakijua tutashinda!"

"Si timu yako lakini? Nilidhani utafurahi."

Nifurahi?! Nilimwangalia kama mende aliyeelea kwenye uji.

Dada Bibiana, kiongozi wa kwaya, alipoziona alishika kichwa.

"Leokadia! Bundi mbele za Bwana? Huyu si ndege wa mkosi?"

"Dada, tutafanyaje? Mashindano kesho."

Basi, tukavaa bundi, Joachim naye.

Jumapili tunapanda jukwaani, ukumbi mzima kicheko. Mtu anatoa simu anarekodi. Wenzangu wa sauti ya pili wakaanza kujifunika bundi kwa mikono, ubeti wa tatu ukatupotea wote.

Tukatolewa raundi ya kwanza!

Siku mbili mfululizo natolewa na bundi yule yule, jamani. Nilijisikia mchafu, natamani kuivua ile fulana pale pale.

Ndipo ikapanda kwaya ya Wakongo...

Mashati meupe. Yamenyooka, yanang'aa.

Nikakaza macho kwenye mfuko. Msalaba wa kijani.

Msalaba WANGU!

Walipomaliza, ukumbi ukiwa umesimama kuwapigia makofi, nikamfuata mwimbaji wao.

"Dada, mashati haya mmeyapata wapi?"

"Ah, ma sœur! Joachim wenu alituuzia jana. Alisema ninyi mumependa bundi zaidi. Merci mingi!"

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, hata sikuweza kumchukia.

Nikageuka. Joachim alikuwa nyuma yangu, anaangalia viatu vyake.

"Kwa hiyo yalikuwa tayari?"

"Mpenzi... waliongeza dau. Laoban naye akaniuzia hizi kwa bei ya kutupa. Ni biashara tu."

"Biashara? Na mimi jana usiku nasali ili mkosi utupite, wewe umelala karibu na simu yako unahesabu faida?"



Nilivua pete ya uchumba, nikamrushia. Hatua moja tu kati yetu.

Akaidondosha!

Wala sikushangaa. Ikabingirika chini ya viti, akapiga magoti kuitafuta, bundi amemkalia kifuani. Nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu metro.

Ndugu zangu, timu ikikuangusha utaitukana, utalia, utaapa huitazami tena. Halafu msimu mpya ukianza unaivaa kofia, kwa sababu yule aliyedondosha mpira alikuwa anajaribu kuudaka. Mtu anayekuuza huku anakuita mpenzi hakujaribu chochote.

Kofia yangu ya bundi bado ninayo, mwakani tunarudi uwanjani.

Joachim hana mwakani.