Mlinzi wa Karatasi

Kikohozi cha Merjema kilikatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo, na nyumba nzima ikamshukuru Mungu. Nani angelalamika? Majira ya baridi Sarajevo hufunikwa na moshi wa makaa mpaka mnara wa saa hauonekani, na mtoto yule wa miaka sita alikuwa amekohoa hadi mbavu zinamuuma.

"Si nilisema?" Bi Hajrija alimwambia mkwewe Zumra, huku akimimina kahawa. "Lile kombe lako halina mfano."

"Kombe gani, mama?"

"La maktaba. Nilichota kidogo nikampa mjukuu wangu."

Zumra akaweka kikombe chini. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitabu vya kale katika maktaba ya wakfu, kando ya mto Miljacka. Juzi aliosha ukurasa wenye madoa, wino ukaachia, beseni likawa jeusi. Siku hiyo Bi Hajrija alikuwa amemletea kazini pita, andazi la viazi. Kumbe bibi kaona herufi za Kiarabu zikiyeyuka majini, akadhani ni aya, kombe la kumnywesha mgonjwa, akajaza chupa!

"Mama, ile haikuwa aya." Sauti ilimtoka nyembamba. "Lilikuwa jina la Kabikaji. Jini, mfalme wa wadudu. Wanakili wa vitabu wa zamani walimwandika ukurasa wa kwanza ili alinde karatasi isiliwe."

"Astaghfirullah! Na wewe msomi, jini unamwacha kwenye beseni kama maji ya vyombo?"

Zumra alipolisoma jina lile alikuwa amecheka.

Jioni Merjema alisukuma bilauri. "Maji yanaharibu," alisema, kwa sauti kavu ya mtu mzima.

"Kunywa kidogo tu, mwanangu," Zumra alimbembeleza.

"Yanatuharibu."

Akafumba midomo, na hapakuwa na wa kuifumbua. Usiku ule Zumra alilala naye, na gizani akasikia harufu ya ngozi kuukuu na ukungu, kisha sauti ndogo, kama mtu anayefunua kurasa pole pole, akadhani ni panya, akasikiliza ukutani, akasikiliza chini ya kitanda, hadi alipoweka sikio kifuani pa mwanawe akajua sauti inatoka humo, kila pumzi ukurasa, na alipowasha taa akaona sisimizi, katika majira ya theluji, wamezunguka kitanda wamegeuza vichwa nje kama askari wa zamu.

Siku ya pili bila maji, midomo ya mtoto ikapasuka. Ndipo Zumra, aliyezoea kuwacheka waganga, akaridhia aitwe Bi Hasnija, mganga anayetoa hofu kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Bi kizee akamfunika mtoto shuka, akamimina risasi kwenye bakuli la maji juu ya kichwa chake. Ikalia chwaa! Ikatoka bapa, nyembamba, imejaa matundu.

"Huyu hana chuki," alinong'ona. "Ni mlinzi, na anachokilinda hataki kilowe. Mrudishie jina lake kitabuni, ataondoka. Lakini mtoto awepo, mkono wake juu ya ukurasa, ili jini amwachie hapo. Asipokuwepo, atahama na anachokilinda. Umenisikia, binti?"

"Nimekusikia, bibi."

Alisikia, ndiyo. Ila asubuhi alimfikiria Bwana Mirsad, mkuu wa maktaba, na wenzake wa kazini, wamwone akiingia na mtoto ndani ya blanketi, amwekee mkono kwenye kitabu cha miaka mia nne kwa amri ya mganga. Watamcheka mpaka astaafu! Akajiambia baridi ni kali, mtoto ataumia njiani. Baridi ilikuwa kali kweli, lakini tusidanganyane: aliona haya.

Akaenda maktaba peke yake. Akachovya kalamu, akaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu kile: Ewe Kabikaji, linda karatasi hii. Wino ukakauka kabla hajaupuliza. Jalada likajifunga lenyewe, taratibu.

Zumra akalia kwa furaha. Akampigia simu mumewe. "Sead! Mpe maji! Mpe sasa hivi!"

Akasikia bilauri ikianguka.

"Sead?"

"Alitabasamu, Zumra." Mwanamume yule aliongea harakaharaka. "Ngozi ikalainika, nikasema amepona. Nikamnyanyua nimnyweshe. Mwepesi, Zumra, mwepesi kama nguo tupu. Hapumui. Mwanangu hapumui!"

Simu ikamponyoka. Na hapo, katika chumba kile alimokuwa peke yake, mtu akakohoa. Kikohozi kidogo, cha kifua kibichi, alichokijua.

Bwana Mirsad akachungulia mlangoni, amekunja uso. "Jamani, nani kaleta mtoto humu?"

Zumra alikwishakamata jalada kwa mikono miwili. Alivuta hadi kucha zikang'oka, na halikufunguka.

"Mama," kitabu kikasema. "Nipe maji."