Faili Lililoitwa Mlezi

Asubuhi hiyo Kibonge hakulia hata kidogo, na mama yake, badala ya kushtuka, alishukuru.

Mama huyo alikuwa mchapaji katika duka la wifi yake, duka dogo la kuchapa barua na kutoa nakala. Hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, kwa hiyo alimlaza kwenye kapu chini ya meza, miguuni pake. Siku nyingine Kibonge alipiga kelele kila mteja alipoingia. Siku hiyo alitulia macho wazi, akitabasamu, kana kwamba kuna mtu amemwinamia.

Wateja walipojaa, dirisha dogo lilijitokeza kwenye skrini: “Mlezi anaomba ruhusa. Unakubali?” Mchapaji alibonyeza Ndiyo, jicho lake halijafika hata neno la pili. Ndivyo walivyozoea kufanya kazi pale. Printa iliomba ruhusa, kifaa cha mteja kiliomba ruhusa, na anayekaa kusoma maombi yote hayo atawafukuza wateja.

Jioni mtoto alikataa ziwa. Kinywa chake kilinuka maziwa yaliyoungua.

“Labda jirani kamnyonyesha,” wifi alitania.

“Jirani gani, wifi? Yule kinyozi mwenye ndevu?”

Wakacheka. Lakini kesho yake alikataa tena, na kesho kutwa pia. Daktari wa watoto alimpima, akaandika dawa, akasema hakuona ugonjwa wowote. Mtoto aliyepewa jina kwa unene wake akaanza kuwa mwepesi mikononi, ngozi ya mapaja ikamlegea. Wala hakulia. Alitabasamu tu, na alitabasamu zaidi alipokuwa chini ya meza ile.

Hapo ndipo mchapaji alipoliona faili. Lilikaa pembeni ya skrini, halina picha, lina jina tu: Mlezi. Spika zilikuwa zimezimwa, lakini alipozisogelea alisikia sauti ya mwanamke akiimba kwa kufumba mdomo, kama anayebembeleza.

Alimwita fundi wao wa kompyuta, ambaye watu walimwita Dokta kwa sababu alizungumza na mashine kama na wagonjwa.

“Haya, mgonjwa anasemaje leo?” Dokta aliuliza akivuta kiti.

“Kuna faili silijui. Sijaligusa.”

“Umefanya vizuri, mama. Faili geni ni la kuhojiwa kwanza. Nani kalitengeneza? Limetoka wapi? Linataka nini?” Alibonyeza hapa na pale, kisha akakunja uso. “Mtengenezaji hakuna. Lilikotoka hakuna. Na hili vipi tena? Nilipokaa hapa lilikuwa dogo. Limenenepa.”

Mchapaji alitazama kapuni.

Dokta alilituma faili kwenye tovuti moja inayokusanya programu nyingi za kukagua virusi, kila moja ikitoa jibu lake. Majibu yakaanza kushuka. Salama. Salama. Salama. Hakuna hata moja iliyotilia shaka.

“Aa, basi!” wifi alishusha pumzi. “Tumejitisha bure. Liache, Dokta, wateja wanasubiri.”

“Dokta,” mchapaji alinong’ona, “hizo zinakagua nini hasa?”

“Kama litadhuru kompyuta.”

“Na mtoto?”

Dokta aligeuka, akalitazama kapu kwa mara ya kwanza. Mzaha ulimtoka usoni. “Kuna kitu kilikuomba ruhusa?”

“Vitu vinaomba ruhusa kutwa nzima. Mimi nakubali tu.”

Dokta alibonyeza Futa. Skrini ikajibu: “Faili hili linatumika.” Alifunga kila programu, akachomoa waya wa intaneti, akajaribu upya. “Faili hili linatumika.”

“Linatumika na nani?” wifi aliuliza.

Kabla mtu hajamjibu, wakasikia mlio chini ya meza, mlio mdogo wa majimaji, wa mtu anayenyonya bila haraka. Mchapaji akainama. Mdomo wa Kibonge ulikuwa umefungwa. Ila utosi wake, pale palipo laini, ulikuwa ukibonyea na kupanda, ukibonyea na kupanda, sawasawa na ule mlio.

“Mtoe!” Dokta alisema kwa mnong’ono. “Mtoe humu, mama, lisipate cha kutumia!”

Mchapaji akamkamata mwanawe kwapani akamvuta, na mtoto aliyekuwa mwepesi kama nguo tupu akawa mzito ghafla, kwa kuwa upande wa pili kulikuwa na mikono iliyomshika miguu, mikono isiyoonekana ila kwa alama za vidole vyake zilizozama katika nyama ya vigimbi vya mtoto, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikapanda mpaka machozi yakamtoka, na ule wimbo ukatoka kwenye spika zilizozimwa, ukabembeleza, ukabembeleza, mpaka yeye mwenyewe akahisi vidole vyake vinalegea, kope zinamshuka, na moyo unamwambia mwache, huko analelewa vizuri zaidi.

“Ni wangu!” alipiga kelele mchapaji, yule ambaye wateja walimlalamikia kuwa sauti yake haisikiki. “Nilikubali ruhusa ya kompyuta, sikukubali ya mwanangu!”

Mikono ikaachia. Alianguka chali, akainuka, akakimbia naye hadi nje juani, na nyuma yake Dokta akaita, “Limefutika! Mama, limefutika!”

Kibonge akalia. Alilia mpaka kinyozi akatoka na mkasi mkononi. Kisha akatafuta ziwa mwenyewe, akalishika kwa pupa, na mama yake akacheka na kulia kwa pamoja.

Walipotulia aliingia ndani, akaketi kwenye benchi la wateja, mtoto bado ananyonya. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Wifi alikuwa amefungua madirisha yote.

“Limeenda,” wifi alisema polepole. “Eti wifi? Limeenda?”

Mchapaji alikuwa anamtazama mwanawe. Macho ya Kibonge yalipita juu ya bega la mama yake, yakifuata kitu kilichotembea taratibu nyuma yake, kandokando ya ukuta, kuelekea mlangoni. Yakafika mlangoni. Yakasimama. Kisha yakaanza kurudi.