Dada Anajua

Kila asubuhi, kabla mama hajaketi kwenye cherehani yake, Dada alikuwa ameshamaliza kumtayarisha mdogo wake. Amemwosha uso, amemfunga vifungo, amemvalisha viatu na kumlisha uji kwa kijiko, ingawa mtoto alikuwa na miaka sita na mikono miwili mizima. Walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Dada mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Mtu akisema, "Hujambo, Kitinda?" Dada ndiye aliyejibu kwamba hajambo.

Wateja wa mama walimsifu mno, na sifa zikamlevya. Akawa anamcheka mtoto wa fundi baiskeli, jirani yao, aliyekuwa rika moja na Kitinda. Yule alijivalisha mwenyewe na kutoka nje vifungo vimepishana, kamasi zinachungulia.

"Na huyo naye ataanza shule?" alimuuliza mama. "Hata kamasi zinamshinda."

Siku ya kuandikisha watoto darasa la kwanza ilipofika, walikwenda wote watatu. Mwalimu aliwakalisha wakubwa kwenye benchi la nyuma, akaita watoto mmoja mmoja mezani.

Mtoto wa fundi baiskeli alitangulia. Alieleza jinsi baba yake anavyoziba pancha, akasahau gundi inaitwaje, akaiita "ile inayonuka", akaendelea na habari yake. Mwalimu alicheka, akamwandikisha.

Ikafika zamu ya Kitinda.

"Unaitwa nani, baba?"

Kitinda aligeuka kumtazama dada yake. Dada akataja jina upesi.

"Nimemuuliza yeye," mwalimu alisema. "Haya, unapenda mchezo gani?"

"Dada anajua."

"Na ukiwa na njaa, unamwambia nini mama?"

"Dada ndiye anasema."

Mwalimu akampa penseli achore chochote. Kitinda aliipokea, akashuka kitini, akampelekea dada yake. Watu wakacheka. Dada alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, mtoto wako si mjinga," mwalimu alisema taratibu. "Hajaachiwa nafasi tu. Mwaka huu arudi chekechea."

Walipofika nyumbani Dada alilia kwa hasira. "Mimi nimemfanyia kila kitu, mama."

"Hicho ndicho kilichomponza," mama alisema. "Na mimi ninalo kosa. Nilikusifu kwa kuwa ulinipunguzia kazi, sikujiuliza mwenzio anapunguziwa nini. Kuanzia leo atajifanyia mwenyewe. Wewe utakaa na mikono yako."

Ilikuwa adhabu kali kuliko fimbo. Uji ulimwagika, viatu vikavaliwa kushoto kulia, na mtoto akalia kila asubuhi. "Dada hanipendi tena," alimwambia mama. Dada alisikia, na maneno yale yalimchoma. Mtoto wa fundi baiskeli alikuwa akipita mlangoni na sare mpya, akiwahi darasa la kwanza.

Siku moja wakatumwa chumvi dukani. Mwenye duka alimtazama Dada, kama alivyozoea. Dada akauma midomo. Wateja nyuma yao wakaanza kunung'unika.

"Chumvi," Kitinda alisema hatimaye. Kisha akaongeza sauti. "Ya unga, siyo ya mawe."

Dada hakujua kuwa mdogo wake alizijua tofauti. Walipotoka alimnyooshea mkono amshike, kama siku zote. Kitinda aliukwepa, akatangulia na pakiti yake.

Dada alifika nyumbani macho mekundu. "Ameongea mwenyewe, mama. Lakini sasa hanitaki."

Mama alisimamisha cherehani. "Atakutaka kwa mengine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, mwanangu, na sisi tulikuwa tunamlea awe maskini huku tukijisifu. Ukimsaidia mtoto kujifunza, ukubali kwamba siku moja hatakuhitaji. Inauma, najua. Na wewe utakuja kunifanyia mimi vivyo hivyo."