Ubeti wa Tatu

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hata leo ukimuuliza hakatai. Alikuwa mtunzi wa nyimbo za kantri, zile za gitaa na mtu aliyeachwa, na alikuwa amekwama kwenye ubeti wa tatu. Mwalimu wake wa gitaa alimwambia, "Aliyeshiba hatungi njaa." Basi akampigia simu mchumba wake, fundi cherehani, saa nne asubuhi, mwenzake ana gauni la mtu mezani na pini mdomoni.

"Tuachane kwanza," akasema.

"Kwanza? Halafu?"

Mtunzi akakata simu. Mpango wake ulikuwa wa wiki tatu tu: aumie, aandike, arudi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Ya kwake yalizaliwa na meno yote. Ubeti ukatoka, wimbo ukapendwa, aibu ikamzuia kurudi. Miezi minane ikapita.

Jumamosi moja yuko kwenye foleni dukani, kikapuni mkate mmoja na mayai mawili, chakula cha mtu asiyengojewa. Mbele yake gauni la kijani lililokaa kiunoni sawasawa, na utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Akalitambua gauni kabla ya mwenyewe: kitambaa alichagua yeye. Kabla hajamsalimia, spika ya darini ikaanza kupiga wimbo wake.

Keshia, mama wa makamo, akaufuatisha: "Nikagonga na mvua, hukunifungulia..." Akaguna. "Huyu mwanamke ana roho ya jiwe. Mwenzake analowa, yeye kajifungia ndani."

Fundi akageuka nyuma kutafuta wa kucheka naye, akakutana na mtunzi uso kwa uso. Hakushtuka sana.

"Mama, mtunzi mwenyewe huyu hapa. Muulize mvua hiyo ilinyesha lini."

Foleni nzima ikamtazama.

"Laazizi, wimbo ni wimbo," mtunzi alisema kwa sauti ya chini. "Ningeimba ukweli, nani angelia?"

"Mimi nililia, tena bila gitaa. Siku tatu sikutia komeo mlangoni, mpaka mama yangu akauliza kama kitasa kimeharibika."

Keshia alishika sabuni ya fundi mkononi, akasahau kuipitisha. Wenye haraka waliacha kuwa na haraka.

"Nilikosa," mtunzi akasema, safari hii bila kutafuta vina. "Nilikuacha ili nipate cha kuandika, na tangu ubeti ule sijaandika hata mstari. Kesho nikija nikagonga kweli, utanifungulia?"

Fundi akalipa, akachukua mfuko wake, akamkagua kuanzia kofia yake pana mpaka viatu vilivyochoka, kama anayepima nguo iliyorudishwa na mteja.

"Njoo. Ila gitaa uliache kwako, nisije nikafungua mlango nikakuta umefuata ubeti wa nne."